Kurasa Ambazo Dobi Hakuzisoma

Kaa vizuri kwanza. Habari hii ina ngazi ndani yake, na anayesikiliza habari ya ngazi akiwa amesimama hujichosha magoti bure.

Palikuwa na dobi watu wakimwita Mvuke. Jina alilopewa na wazazi wake lilishachuja kama shati linalofuliwa kila wiki, na hata ndugu zake walilazimika kukuna kichwa kabla ya kulikumbuka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba kama mkono wa shati: mbele kaunta, katikati meza mbili za kupigia pasi, nyuma pazia, na nyuma ya pazia mkewe na cherehani yake, akirudishia vifungo na kupandisha pindo. Upande wa pili wa ukuta ilipita ngazi ya saruji ya kwenda juu. Juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na stoo iliyofungwa kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulipotea mwenye nyumba akiwa bado ana nywele.

Kazi yake Mvuke aliijua. Kola aliyoipiga pasi yeye ilisimama wima, hata mwenye shati akitaka kumtazama mtu wa kando ilibidi ageuke mwili mzima kama mlango. Marinda ya sketi aliyoyakunja yeye ungeweza kukatia mkate. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa riwaya.

Na si riwaya yoyote tu. Alitaka mpya, ambayo gundi yake bado inanata. Za zamani hakuzigusa. "Hizo wamezisoma marehemu," alikuwa akisema, "na marehemu hawaachi kitu." Mpya alizipata kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa. Sanduku la vitabu likifika, kabla havijapigwa muhuri, kimoja kilikuwa kimeshapita kwa Mvuke. Pasi yake kubwa ilikuwa nzito kuamka kama mzee asubuhi ya baridi, na mpaka ipate moto, yeye ameshameza kurasa tatu. Siku moja alinogewa mno, akaiacha pasi juu ya suruali ya hakimu, suruali ikapata dirisha. Mkewe akatia kiraka. Hakimu alikaa kwenye kiti chake mwaka mzima na kiraka kile, na hakuna karani aliyethubutu kumwambia.

"Umenioa mimi au umeoa kabati la vitabu?" mkewe alikuwa akimuuliza.

"Kabati halisemi sana, mama watoto."

"Basi likupikie."

Alipomaliza kitabu alikiandikia uhakiki. Hakuwa na gazeti wala redio. Alichokuwa nacho ni zile kadi ngumu zinazowekwa ndani ya shati lililokunjwa ili lisikunjamane, upana wake vidole vinne. Juu ya kadi aliandika jina la kitabu, kilichotokea, kinavyoisha, na kama kinafaa au hakifai, kisha akaitia kwenye mfuko wa shati safi la mteja. Wapo waliolalamika kwamba anawamalizia utamu. Lakini wengi hawakuwa na nafasi ya kusoma kitabu kizima, na kadi ya Mvuke iliwatosha kuzungumzia kazini wiki nzima. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyejigamba kwamba amesoma riwaya mia mbili. Alikuwa amesoma kadi mia mbili.

Sheria ya Mvuke ilikuwa moja, na aliilia kiapo mbele ya mkewe na mbele ya pasi: sahihi yake haikai chini ya kitabu ambacho hajakifunga jalada la nyuma. Hata kitabu kibovu alikimaliza. Kwa vibovu alimaliza akitukana, lakini alimaliza.

Basi ukaja mwaka ule, juma la kufungua shule. Sare zilijaa dukani mpaka zikaifunika saa ya ukutani, wakawa hawajui ni saa ngapi mpaka walipofika kwenye sketi za darasa la tano. Katikati ya vurugu hilo shemeji akapita na riwaya iitwayo *Mlango wa Juu*. Zilikuja nakala tatu: mbili zikakaa maktaba, ya tatu ikaja kwa dobi.

Kilikuwa kisa cha bibi mmoja aliyefanya kazi ya kuunganisha simu miaka thelathini, sauti za watu wengine zikipita masikioni mwake, na sasa hakuna anayempigia yeye. Anaishi juu ya ngazi kumi na tatu. Binti yake wa pekee aliondoka kwa hasira miaka tisa iliyopita. Siku moja barua ya binti inafika. Bibi anaipokelea chini, anasema hataifungua mpaka afike mlangoni kwake, akae, avue viatu. Anaanza kupanda. Kila ngazi ina kumbukumbu yake, na kila kumbukumbu inampunguzia pumzi.

Mvuke alipanda naye hadi ngazi ya sita. Hapo kitabu kikakataa. Kurasa thelathini na mbili za mwisho zilikuwa zimeshikana ukingoni. Mashine ya kiwandani ilizikunja ikasahau kuzikata.

"Mama watoto, nipe mkasi."

"Mkasi uko kazini, kama mimi nilivyo kazini. Subiri nimalize pindo hizi."

Akasubiri. Akiwa bado anasubiri, akaingia mwalimu wa hesabu kuchukua suti yake na mashati.

"Mvuke! Kadi ya kitabu kipya iko wapi?"

"Bado, mwalimu. Kimebaki kipande."

"Kipande! Wiki ya pili hii. Kesho chumba cha walimu wote wananitazama mimi. Niwaambie dobi ana shughuli na soksi?"

"Waambie wasome wenyewe."

"Tungekuwa na nafasi ya kusoma wenyewe, tungekusumbua wewe?" Mwalimu akaegemea kaunta, akapunguza sauti kama mtu anayemtakia mema. "Maana watu wanasema. Wanasema macho ya Mvuke siku hizi yamechoka. Mimi nimekutetea, lakini mtu unamtetea mpaka lini?"

Hapo ndipo alipomkanyaga kidonda. Mvuke alikitazama kitabu. Bibi mzee, pumzi imekwisha, barua mkononi, ngazi ndefu. Akajiuliza, riwaya za siku hizi zingempeleka wapi bibi kama huyo? Alishasoma mia mbili. Aliwajua waandishi hawa kama anavyozijua kola. Akachukua kalamu, akaandika: *Anafika ngazi ya saba, moyo unasimama. Barua inabaki mkononi haijafunguliwa. Kitabu kinafaa. Nililia.*

Hakulia. Hata chafya hakupiga.

Akaweka sahihi. Ya mwalimu ilipotoka, akaendelea na nyingine, kwa sababu mashati ya wiki ile yalikuwa sitini na kila shati lilitaka kadi yake. Kwa kawaida kadi kumi zilimuuma vidole. Siku ile mkono ulikuwa mwepesi, ukaandika kama unaosomewa na mtu aliyesimama nyuma ya bega. Sitini zilikwisha pasi haijapoa. Angestuka hapo, lakini hakustuka. Alifurahi kwamba kazi imekwisha.

Kitabu akakisukuma chini ya rundo la mashuka, kurasa zake zikiwa bado zimeshikana, kama mtu anayeficha chupa.

Siku ya tatu, mchana mweupe, jua limesimama mlangoni, Mvuke alisikia mtu anapanda ngazi upande wa pili wa ukuta. Ko. Ko. Ko. Viatu vya mtu mzima, vizito, na kati ya hatua na hatua pumzi ndefu. Alihesabu bila kukusudia. Nne, tano, sita, saba. Kisha kikaanguka kitu, si kwa kishindo. Kama mfuko wa nguo ukiachiwa sakafuni. Kikafuata kimya.

Mkewe akachungulia kutoka nyuma ya pazia. "Nani anapanda huko?"

Mvuke akatoka nje kutazama. Ngazi ilikuwa tupu. Juu, kufuli lilikuwa na kutu yake, na utando wa buibui uliofunga mlango kutoka bawaba hadi kitasa haukuwa umekatika hata uzi mmoja.

"Hakuna mtu," akasema.

"Huyo hakuna mtu ana viatu vizito," mkewe akajibu, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini aliikanyaga polepole, kama mtu anayetaka kusikia.

Kesho yake hatua zilipanda mara tano. Keshokutwa zaidi. Sikuzote saba, sikuzote ule mfuko wa nguo, sikuzote kimya. Mvuke akachukua chaki ya mkewe ya kukatia vitambaa, akachora kwenye ukingo wa meza mistari ya zilizokwisha kupanda, na kila zilipopanda tena akaongeza mmoja. Alijiambia anafanya hivyo ili akamlalamikie mwenye nyumba.

Jumatano shemeji yake mkutubi alikuja na mkoba kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umeparara.

"Shemeji, nikuulize kitu. Na leo usinifanyie utani."

"Uliza."

"Bibi wa *Mlango wa Juu* anaishaje?"

Mvuke akaanza kukunja shati lililokwisha kukunjwa. "Si umesoma kadi?"

"Kadi nimesoma. Na kitabu nilikisoma kabla yako, nilikuwa nyumbani na mafua, nikakimaliza kwa siku mbili. Na nakumbuka nilikifunga nacheka. Sasa niambie, mimi ni mtu wa kufunga kitabu nacheka bibi wa watu amekufa ngazini?"

"Ulicheka nini?"

"Ndicho nisichokumbuka! Nikijaribu kukumbuka naona mwandiko wako." Akatoa nakala zote mbili za maktaba, akazifungua juu ya kaunta, sura ya mwisho. "Soma hapo."

Palikuwa pamechapwa, kwa herufi nzuri za kiwandani: *Anafika ngazi ya saba, moyo unasimama. Barua inabaki mkononi haijafunguliwa.* Chini yake hapakuwa na kitu. Mkutubi akafunua ukurasa uliofuata, na uliofuata, mpaka jalada. Nyeupe, kama mashuka ya hospitali.

"Nusa," akasema.

Mvuke akainama. Karatasi ilinuka wanga wa kukazia nguo. Si wanga wowote. Ule wake, anaouchanganya mwenyewe kwenye beseni kila asubuhi.

"Wangapi wamekisoma tangu kadi zitoke?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Kitabu kizima, hakuna. Wanakuja na kadi mfukoni, wanafungua sura ya mwisho tu, wanalia palepale mezani, wanarudisha. Ishirini na watatu mpaka jana jioni."

Mvuke alitupa jicho kwenye ukingo wa meza. Hakuwa na haja ya kuhesabu, lakini alihesabu. Mistari ya chaki ilikuwa ishirini na mitatu.

"Labda ni makosa ya kiwanda," akasema.

"Labda," alisema shemeji yake, akamtazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazamwa mtu anayeaminiwa. "Nakala yako iko wapi?"

"Ipo ndani kwenye nguo. Nitakuletea."

Hakuleta.

Alhamisi mkewe alitoka baada ya chakula cha mchana kupeleka mzigo wa sare shuleni. Mvuke akabaki peke yake na pasi mbili. Zile hatua zikaanza upande wa pili wa ukuta. Saba. Mfuko wa nguo. Akachora mstari wa ishirini na nne. Alipoinua chaki akasikia kitu ambacho hakijasikika siku zote: hatua zinashuka. Ko. Ko. Ko. Saba za kushuka, kisha tatu za kwenye baraza, kisha mlango wa duka, ambao una kengele, ukafunguka na kengele haikulia.

Aliingia bibi mmoja mfupi, nywele zimebanwa kwa pini, bahasha mkononi. Viatu vyake vilikuwa vya kazini, vya kamba, visigino vimelika. Mvuke alikuwa ameshika pasi, na mvuke wa pasi, ambao humzunguka kila mtu anayesimama kaunta, kwa huyu haukuzunguka. Ulinyooka moja kwa moja kupitia kifuani mwake, ukatua kwenye kioo cha mlango nyuma yake.

"Shikamoo, bibi," Mvuke alisema, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata koti langu."

"Koti lipi, bibi? Una tiketi?"

"Lile."

Mwishoni mwa bomba la kutundikia nguo, pale ambapo asubuhi palikuwa na henga tupu, lilining'inia koti la kijivu. Halikuwa na tiketi, na pindo lake lilikuwa limekunjamana kama la mtu aliyeanguka mara nyingi. Mvuke akalichukua. Lilikuwa jepesi, likifanya mchakacho. Alilitandika mezani, akalipitishia pasi, maana hilo ndilo alilojua kufanya. Alipolinyanyua, juu ya blanketi la kupigia pasi palikuwa pamebaki alama nyeusi. Herufi. Mistari kwa mistari ya herufi, zimegeuka kinyumenyume kama maandishi kwenye kioo, zikitoka kwenye kitambaa na kushika blanketi.

"Usikaze sana," bibi alisema. "Wino bado mbichi."

Mvuke aliiweka pasi pembeni.

"Mimi ulinipandisha vizuri hadi ngazi ya sita," bibi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya watu wa simu, laini, ya kumwambia mtu asubiri kidogo. "Nilisema huyu kijana ana pumzi. Halafu ukaniacha. Ukaweka sahihi yako hapo. Tangu siku hiyo, kila anayenifungua ananipandisha mpaka ya saba, nakufa. Anafunga, narudi chini, naanza tena. Leo mara ya ishirini na nne. Mjukuu wangu, kufa mara moja kila mtu anaweza. Hii ya kila mchana imenimaliza magoti."

"Lakini mwandishi... mwandishi si ndiye aliyeandika..."

"Mwandishi aliniandika vingine. Yuko mbali. Wewe uko mifukoni mwao, juu ya mioyo yao, umepigwa pasi. Wamekuamini wewe." Akainamisha kichwa kuelekea rundo la mashuka. "Palipobaki njia yangu ni pale tu, kwenye kurasa ambazo jicho halijaingia. Zikate unisomee."

"Na nikikata nikukute umekufa kweli?"

"Nitakuwa nimekufa kwa haki yangu, nitapumzika, sitakulaumu. Ukinikuta hai, utakwenda kwa watu sitini uwaambie Mvuke aliweka sahihi kwenye kitabu ambacho hakukisoma. Chagua."

Chini ya meza palikuwa na beseni la wanga, zito, jeupe. Kitabu kikizama mle, kwa nusu saa kingekuwa uji, na uhakiki wake ungebaki kuwa kweli milele. Jicho la Mvuke likaenda huko mara moja tu, haraka.

"Nimeliona beseni," bibi alisema taratibu.

Mvuke akapiga moyo konde. Akaenda nyuma ya pazia, akachukua mkasi wa mkewe, mkasi ambao haruhusiwi kuugusa hata kwa kuota. Akakitoa kitabu, akakata mkunjo wa kwanza. Karatasi ilitoa sauti kama ya mtu anayevuta hewa. Akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma amesimama, kitabu juu ya meza ya pasi, na hakuinua kichwa, kwa sababu aliogopa kuona na aliogopa zaidi kutoona. Nyuma ya ukuta hatua zikaanza kupanda, sawasawa na maneno. Ngazi ya kwanza tena, ya pili, kumbukumbu fupi fupi mwandishi akizirudia. Ya tano. Ya sita. Chini ya ukurasa, neno la mwisho lilikuwa *saba*. Kidole chake kikakwama ukingoni.

"Geuza," sauti ilisema, na hakujua imetoka mbele yake au ukutani.

Akageuza.

Bibi wa kitabuni alikaa. Basi. Alikaa kwenye ngazi ya saba kwa sababu alichoka, akavua kiatu kimoja, akakitukana. Akasema, nani aliniambia barua inafunguliwa mlangoni tu? Akachomoa pini kichwani, akaifungulia bahasha palepale. Barua ilikuwa mistari mitatu. Binti alikuwa amejifungua wodini, mtoto wa kike, na mtoto alizaliwa na hasira hizo hizo za ukoo. *Mama njoo,* ilisema, *na uje na koti, huku baridi.* Hapo Mvuke alicheka, akajua shemeji yake alicheka wapi. Akaendelea kusoma huku machozi yanamdondokea kwenye karatasi, na safari hii yalikuwa ya kweli. Nyuma ya ukuta hatua zikaendelea: nane, tisa, kumi. Kwa mara ya kwanza zilifika kumi na tatu. Bibi aliingia kwake, akapekua kabati, akakumbuka koti liko kwa dobi. Akashuka mbio kama msichana.

Mstari wa mwisho wa riwaya ulikuwa huu: *Dobi alikuwa ameinamia kitabu, hakumwona alipotoka.*

Mvuke aliinua kichwa. Duka lilikuwa tupu. Koti halikuwepo. Juu ya kaunta ilibaki pini moja ya nywele.

Mlangoni alikuwa amesimama mkewe, kapu tupu mkononi, anajitazama kiganja.

"Nimepishana na bibi mmoja hapa nje, ana koti la kijivu," akasema. "Nimempa shikamoo, akanishika mkono. Baba watoto, mkono ule mkavu! Kama nimeshika ukurasa." Kisha macho yake yakatua mezani. "Na mkasi wangu huo umefuata nini kwenye karatasi?"

Mvuke alimweleza yote, kuanzia mwalimu hadi beseni. Mkewe hakusema amekuwa mwehu. Alilitazama blanketi na herufi zake za kinyumenyume, akalikunja, akaliweka juu ya kabati, na mpaka leo halijafuliwa. Halafu akamletea kadi tupu sitini.

"Andika," akasema. "Na mkono ukikuuma, ndiyo vizuri."

Ulimuuma. Aliandika siku mbili: *Nilidanganya. Sikukimaliza kitabu. Bibi hafi, anakaa ngazi ya saba anafungua barua. Nirudishie kadi ya kwanza.* Akaweka sahihi ileile. Alizitia mifukoni, na ambao hawakuwa na nguo dukani aliwafuata majumbani, anagonga mlango, anatoa kadi, anangoja mlangoni mpaka isomwe. Wapo waliomcheka. Mmoja alihamishia nguo zake kwa dobi wa barabara ya pili, akasema mtu anayedanganya kuhusu kitabu atadanganya kuhusu sabuni. Lakini kadi zilirudi, na kila moja iliporudi aliichoma kwa pasi mpaka ikawa jivu. Maktaba, mkutubi alifungua nakala zake kila asubuhi, na kila asubuhi ukurasa mmoja au kurasa mbili nyeupe zilikuwa zimejaa tena.

Zilirudi kadi hamsini na tisa.

Ya sitini ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, na mwalimu alikuwa amehamishiwa shule nyingine mbali, ameondoka na mashati yake na kadi ndani. Mkutubi aliitafuta namba yake, akampigia simu, akamsomea kadi mpya neno kwa neno. Mvuke alikuwa amesimama pembeni, sikio limebanwa na la shemeji yake.

"Mwambie Mvuke asinichanganye," mwalimu alisema. "Kisa kile nimekisimulia shule nzima huku. Walimu wanalia, mkuu wa shule alitoa leso. Nije niwaambie bibi alivua kiatu? Mimi mwisho wangu naupenda ulivyo."

"Mwalimu, bibi anateseka," Mvuke alidakia kwenye simu.

"Bibi gani? Mvuke, hiyo ni riwaya," mwalimu akasema, akakata.

Kwa hiyo katika nakala za maktaba ukurasa mmoja bado ni mweupe, na mkutubi amezitoa rafuni. Mvuke anasoma riwaya mpya kama zamani, lakini kadi zake siku hizi huchelewa, na chini ya sahihi huandika namba ya ukurasa wa mwisho. Mteja akimharakisha, anamwonyesha pini ya nywele iliyochomekwa kwenye ubao juu ya kaunta, na hamwambii ni ya nani.

Na mchana, mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara mbili, huko mbali mwalimu anapokuwa na wageni wapya wa kusimulia, zile hatua hupanda upande wa pili wa ukuta. Nne, tano, sita, saba. Mfuko wa nguo. Mke huiacha cherehani. Mvuke hushusha pasi, hurudisha mlango wa duka, hufungua kitabu mahali pale penye mkunjo uliokatwa kwa mkasi, na kusoma kwa sauti, hajali sare zinangoja au hakimu anangoja. Ukifika ukakuta mlango umerudishwa na ndani kuna sauti ya mtu anasoma, usigonge. Kaa hapo barazani uhesabu na wewe. Ukisikia ya nane, jua unaweza kuingia kuchukua shati lako.

Juzi mkewe amesema ya nane inachelewa siku hizi. Bibi anakaa pale muda mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Mvuke amejibu kwamba basi atasoma polepole, na akavuta kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini maisha yake yote.